Siku Tisa na Mbwa wa Watu

Asubuhi iliyofuata sikukuu ya Yesu Mfungwa, mji wa Monsefú ulikuwa haujaamka sawasawa. Makaratasi ya fataki yalikuwa yametapakaa kutoka kanisani hadi barabara ya sokoni, wanaume watatu walikuwa wamejilaza kwenye ngazi za kanisa na kofia zao usoni, na Domitila Chafloque, ambaye hakuwa amegusa hata tone, alikuwa mlangoni kwake na ufagio mkononi akiwalaani walevi wote kwa majina yao. Alipoinua gunia lililotupwa kwenye pembe ya ukuta, ndipo alipomwona mtoto wa mbwa.

Alikuwa wa ile aina yetu ya huku isiyo na manyoya. Mweusi, ngozi tupu, doa la waridi kifuani na vinywele vitano sita vimesimama utosini. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Fataki huwatia mbwa wazimu, kila mtu analijua hilo, na kila mwaka watu wanakuja na mbwa wao sikukuuni vilevile.

"Na wewe, wenyewe wako wapi?" Domitila alimuuliza kwa ukali.

Mbwa akajikojolea.

"Haya. Ingia basi."

Domitila alikuwa na miaka sitini na moja, hakuwahi kuolewa, hakuwa na mtoto, na hakuwa na nia ya kufuga mbwa. Hilo la mwisho lisemwe mapema, kwa sababu watu wameshasema mengi juu yake tangu wakati ule. Alimwingiza ndani ampe uji na amtafutie kwao, basi.

Wa kwanza kujua alikuwa Zoraida Effio, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akiuza pombe ya mahindi na midomo yake haikuwa na breki. Alikuja kuazima chumvi akamkuta Domitila na kifurushi kifuani.

"Mwenzangu! Umezaa?"

"Nimeokota."

Zoraida akafunua kitambaa. "Umeokota mbunge! Tazama kipara hicho. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Acha utani, mtoto wa watu anaogopa."

"Umempa jina?"

"Jina la nini? Nikishampa jina ameshakuwa wangu. Huyu anakwenda kwao."

Na kweli alimtafutia. Siku hiyo hiyo alikwenda sokoni kwa mzee Eleuterio, mwenye kipaza sauti, anayetangaza watoto waliopotea, bei za samaki na misa za marehemu kwa sauti ile ile moja. Mzee Eleuterio alimtazama mbwa, akakohoa, akawasha mtambo.

"Tahadhari, tahadhari! Bi Domitila Chafloque wa kofia ameokota mtoto wa mbwa kipara! Mwenye mali afike na ushahidi. Asiye na mali asijipendekeze!"

Alitangaza kila siku. Akaja mwanamume mmoja aliyesema mbwa ni wake, lakini alipoulizwa doa liko wapi akasema mkiani, na Domitila akamfukuza kwa ufagio. Wakaja wasichana wa shule, wakamshikashika wakaondoka. Padri alisema neno baada ya misa. Domitila mwenyewe alizunguka kwa miguu nyumba zote zinazojulikana kwa kuzalisha mbwa wa aina ile, akabisha hodi, akafunua kitambaa, na kila mahali akajibiwa: si wetu, Bi Domitila, ila kama humtaki tuachie. Akajikuta anakifunika kitambaa upesi na kuondoka.

Mambo yaliharibikia mikononi. Domitila alikuwa akisuka kofia za nyasi tangu ana miaka saba. Nyasi zenyewe lazima ziloweshwe, zikikauka zinakatika, kwa hiyo msukaji anashinda na vidole kwenye maji baridi miaka nenda miaka rudi, na mwisho wake ni baridi yabisi. Huu ulikuwa mwaka wa pili hajamaliza kofia laini. Alisuka zile nene za kuuzia wageni wa sikukuu, ambazo msukaji mwenzako akiziona anageuza uso kwa adabu. Kuna asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, akakaa kitandani hadi saa nne, akiwa na hasira na Mungu.

Siku ya nne mbwa alipanda mapajani pake bila kualikwa, akalala juu ya mikono. Wazee wetu wanawaweka mbwa hawa juu ya magoti na viuno vinavyouma tangu zamani, maana ngozi yao ni ya moto kama chungu kilichoepuliwa punde. Domitila alilijua hilo, ila ukijua jambo si sawa na likikufika. Alikaa vile kama nusu saa, hata nzi hakumfukuza. Kisha akajaribu kukunja kidole cha shahada. Kikakunjika.

Alilia. Alimlowesha mbwa kichwani akamwomba radhi. Kesho yake aliloweka nyasi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, zile alizokuwa ameziweka juu ya kabati kama nguo za marehemu, akaanza kofia laini. Alisuka, mikono ikimkaza anamwita mbwa, mbwa anakuja, wanapumzika, anasuka tena. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba chai imepoa.

Wiki ya pili ukungu wa baharini uliingia mjini ukakaa. Mbwa akaanza kukohoa.

"Huyo anakohoa tangu lini?" Zoraida aliuliza. Alikuwa amekuja na bakuli la wali wa bata, na mbwa alikuwa amejikunja karibu na jiko.

"Juzi. Ni ukungu."

"Ukungu gani, dada? Hebu sikiliza kifua hicho." Zoraida aliinama, akatega sikio, na utani wote ukamtoka usoni. "Kinapiga filimbi. Hicho si kikohozi cha mbwa, Domitila. Hiyo ni pumu ya mtu."

Hakuna mtu huku kwetu ambaye angehitaji kuelezwa zaidi. Mtoto mwenye pumu analazwa na mbwa wa ngozi tupu kifuani, wiki baada ya wiki, hadi ugonjwa unamtoka mtoto na kumwingia mbwa. Mbwa akianza kukohoa watu wa nyumba ile wanafurahi. Wanampeleka mbali, wanamwacha, hawamwiti jina na hawageuki nyuma, kwa sababu mbwa yule akirudi nyumbani amerudi na mzigo wake.

"Ndiyo maana hakuna aliyekuja kumdai," Zoraida alisema. "Hakupotea huyu. Ameachwa. Wamengoja sikukuu, watu wamejaa, wakamshusha. Na wewe na kipaza sauti chako unawaita waje wauchukue tena ugonjwa wao! Mtoto wa watu labda sasa hivi anacheza mpira, halafu wewe umrudishie."

"Sikujua."

"Sasa umejua. Mwache Mheshimiwa hapa hapa."

Domitila alimkumbuka kaka yake Teodoro, aliyekuwa akikaa wima kitandani akivuta pumzi kama mtu anayezama. Alikumbuka mbwa wao, na baba yao akimpakia kwenye punda na kuondoka naye kuelekea jangwani, na yeye mwenyewe, mwenye miaka sita, akizibwa mdomo na mama ili asimwite. Teodoro alipona. Aliendesha lori miaka arobaini na kufa kwa maradhi mengine kabisa. Huwezi kumwambia Domitila kwamba kile alichokiona kwa macho yake hakikutokea.

Alikwenda kwa mzee Eleuterio kumwambia aache kutangaza. Akiwa njiani kurudi alijikuta anaimba, akanyamaza kwa aibu, kisha akaendelea.

Jumatatu iliyofuata, siku ya kumi na nne tangu amwokote, alikwenda sokoni kununua dagaa. Kwenye nguzo ya umeme, mbele ya wauza samaki, palikuwa na karatasi mpya. Aliona mchoro kwanza. Ulikuwa mchoro wa penseli za rangi, mbwa mweusi mwenye masikio makubwa kupita kiasi, doa la waridi, na vinywele vitano vilivyochorwa kimoja kimoja. Chini yake mtu mzima alikuwa ameandika kwa herufi kubwa:

AMEPOTEA PULGA USIKU WA FATAKI. MBWA MDOGO ASIYE NA MANYOYA. BINTI YETU ANA PUMU NA HAWEZI KULALA BILA YEYE. TAFADHALI. FAMILIA YA LLONTOP, ETEN.

Ilifuata namba ya simu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtoto uliokuwa ukipanda mlima: Haumi. Anaogopa kelele.

Domitila alisoma mara mbili. Akashika nguzo. Kwa hiyo hakuachwa, alipotea kweli. Kwa hiyo kuna mtoto. Halafu fikra ya pili ikaja juu ya ile ya kwanza, upesi, imeshavaa vizuri: mbwa huyu anakohoa. Ameshaichukua pumu ya mtoto huyu, na wenyewe hawajui, kwa sababu alipotea kabla hajaanza kukohoa. Ukimpeleka leo unamrudishia mtoto ugonjwa wake mlangoni. Kama una huruma, Domitila, subiri. Subiri kikohozi kimtoke, umpeleke akiwa safi. Hata wiki mbili hazifiki.

Ilikuwa fikra nzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba ilimfurahisha.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Muuza samaki alikuwa ameinama akipara magamba. Domitila akaibandua karatasi, taratibu ili isichanike, akaikunja na kuitia ndani ya aproni. Dagaa akasahau kununua.

Alianza novena kwa Yesu Mfungwa jioni ile, siku tisa za sala kwa ajili ya kifua cha mbwa. Hakumwambia Zoraida. Alimchemshia mbwa maganda ya vitunguu na asali, akampaka mafuta ya moto mbavuni, akamfunga kipande cha sweta. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye ubavu wake akasikiliza. Filimbi bado ipo. Akasema, basi si leo. Na kila aliposema si leo alihisi ahueni tumboni, na akajifanya haioni.

Siku ya pili alitamka lile jina, kwa majaribio tu, akiwa amempa mgongo.

"Pulga."

Mbwa alitoka chini ya meza mbio akateleza kwenye sakafu, akasimama mbele yake, masikio juu, akitazama mlango. Si yeye aliyetazamwa. Mlango. Domitila hakulitamka tena.

Siku ya nne alichukua simu akabonyeza namba zote hadi ya mwisho, akakata kabla haijaita. Ningesema nini, alijiuliza. Ninaye lakini simleti? Wangekuja wenyewe kwa bajaji kabla sijamaliza kusema, mtoto angemkumbatia mbwa na ugonjwa pamoja. Akarudi kwenye kofia. Kofia ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Zoraida aliishika akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara moja maishani akakosa la kusema.

Ni kiasi gani kilikuwa kwa ajili ya mtoto na kiasi gani kwa ajili ya vidole vyake? Alijiuliza hilo mara nyingi, hata katikati ya sala. Alijua jibu linaanzia wapi, akawa halifuati hadi mwisho.

Jumatano, asubuhi baada ya sala ya siku ya tisa, mbwa aliamka bila kukohoa. Domitila alisikiliza ubavu wa kushoto, akasikiliza wa kulia. Kimya. Hakuwa na kisingizio tena, na sifa yake moja ndiyo hiyo: kisingizio kilipokwisha, alisimama. Alimwogesha mbwa kwa maji ya uvuguvugu, akamfuta, akamweka kwenye kikapu, akapiga simu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mzee.

"Namtafuta mwenye mbwa. Pulga."

Domitila alisikia sauti za watu nyuma, na vikombe.

"Unaye?"

"Ninaye, mzee wangu. Mzima kabisa. Nimlete?"

"Mlete," mzee alisema, na sauti ikamkatika. "Mlete, mama. Ukifika Eten ulizia kwa Casimiro Llontop, wa karibu na kiwanda cha barafu cha zamani."

Domitila alidhani sauti imekatika kwa furaha. Ndani ya bajaji ya kwenda Eten, mji wa jirani, alimshika mbwa masikio akampa mawaidha. Alikuwa ameshapanga la kuomba. Asingetaka zawadi, angesema tu: niruhusuni nije kumwona Jumapili. Nitakuja na mkate wa mahindi. Mtoto atacheza na mbwa na mimi nitakaa pembeni. Alilirudia ombi hilo moyoni mwake hadi likawa laini. Aliwaza mtoto atakavyopiga kelele na mbwa anaogopa kelele, akacheka peke yake, na dereva akamtazama kwenye kioo.

"Unampeleka kwa daktari?"

"Nampeleka kwao," Domitila alisema.

Nyumba haikuhitaji kuuliziwa. Viti vilikuwa vimepangwa nje, wanawake wameketi na vikombe vya kahawa, na juu ya mlango palikuwa na utepe mweusi. Domitila alisimama barabarani na kikapu chake. Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba mke wa mzee amefariki na yeye amekuja siku mbaya.

Mbwa hakungoja. Aliruka kutoka kikapuni, akapita katikati ya miguu ya wanawake, akaingia ndani. Domitila akamfuata akiomba radhi kulia na kushoto, akapita sebuleni, akafika mlango wa chumba kidogo, na hapo akaona kila kitu kwa mara moja.

Palikuwa na kitanda cha mtoto kilichotolewa shuka. Mbwa alikuwa juu yake. Alichimba chini ya mto, akazunguka, akanusa pembe zote nne, akaruka chini akaingia uvunguni, akatoka, akapanda tena akaanza upya. Hakuna aliyemzuia. Mwanamke kijana alikuwa amekaa sakafuni akikunja nguo ndogo ndogo, na mzee mwembamba alisimama dirishani na kofia mkononi.

"Mjukuu wangu Anyela," mzee alisema. "Alitutoka alfajiri ya juzi. Tumemzika jana. Alikuwa na miaka minane."

Mwanamke aliyekuwa sakafuni alinyanyuka. Jina lake lilikuwa Nery, ndiye mama. Alimkaribia Domitila, akamshika mikono yote miwili akaibusu, ile mikono.

"Mungu akulipe, mama," alisema. "Asante kwa kumlisha. Ana kilo, tazama. Tulidhani aliruka kutoka kwenye bajaji wakati tunarudi kutoka sikukuuni. Tulikwenda kumwombea mtoto kwa Yesu Mfungwa, na yeye hakukubali kwenda bila Pulga. Tumetafuta barabara nzima, wiki mbili, ndipo baba akasema labda ni fataki, labda amebaki Monsefú. Wewe umempata lini? Leo?"

Njia ilikuwa wazi. Kusema "leo" tu, na angekaa kwenye kiti, angepewa kahawa, wangemwombea heri na kumsindikiza hadi kwenye bajaji. Tena lisingewaumiza. Domitila alifungua mdomo kulisema neno hilo akakuta haliko.

"Ana kikohozi," akasema. "Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nikajua ameshaichukua pumu ya mtoto. Nikaogopa kuirudisha humu ndani. Nikangoja kimtoke."

Nery alimtazama bila kuelewa.

"Huyu? Huyu anakohoa tangu amezaliwa. Wote wanne wa tumbo lile walikohoa, kila ukungu ukiingia. Ndiyo sababu tulipewa bure." Kisha akaachia mikono ya Domitila, polepole. "Ukangoja tangu lini?"

"Ninaye siku ishirini na tatu."

"Na ulijua lini sisi ni nani?"

"Jumatatu ya juma lililopita. Niliona karatasi pale sokoni. Niliibandua."

Mzee aligeuka kutoka dirishani. Nery hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Jumatatu," alisema. "Sawa. Jumanne ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Jumanne alikunywa supu yote. Alisema Pulga akirudi amkute ana nguvu. Jumatano ulikuwa naye?"

"Ndiyo."

"Jumatano alichora karatasi nyingine. Kumi na mbili. Baba alizunguka nazo hadi Reque, na miguu yake ile. Alhamisi alikaa mlangoni, tulimfunga blanketi maana hakukubali kuingia. Ijumaa alianza kulia. Akilia kifua kinafunga. Daktari alisema asilie. Niambie, mama, mtoto unamwambiaje asilie?"

Domitila alikuwa analia na hakujifuta. Alitaka kusema habari za Teodoro, za baba na punda, alitaka kusema kwamba alifanya kwa ajili ya mtoto. Lakini alikuwa ameiona kofia yake akilini, ile laini, imekaa juu ya meza imeisha, na hakuweza kusema.

"Nilisubiri kwa ajili yake," alisema. "Na kwa ajili yangu. Vidole vyangu vilikuwa vinapona. Vyote viwili, binti yangu. Sijui kipi kilikuwa zaidi."

Nery alitikisa kichwa kama mtu anayepokea habari ya mbali. Mbwa alikuwa ameacha kuchimba. Alikuwa amekaa katikati ya godoro, akihema, akitazama mlango.

"Jumamosi hakulala," Nery aliendelea, maana alikuwa hajamaliza siku zake. "Jumapili alikuwa hawezi kulala chali, alikuwa ananiegemea hapa. Nikamdanganya. Nilimwambia Pulga amepatikana. Nilimwambia kuna mama mmoja mwenye huruma amemwokota, anamlisha vizuri, anaye nyumbani kwake, na kesho atamleta. Nilitunga tu, ili apumzike. Nimekuwa nikiumia tangu juzi kwamba mwanangu ameondoka na uongo wangu."

Nje, mwanamke mmoja alianza rozari na wengine wakaitikia.

"Alitulia," Nery alisema. "Alitulia kabisa. Akaniuliza, huyo mama anaitwa nani? Sikuwa nimefikiria jina. Nikamwambia sijui, tutamuuliza akija."

Akamtazama Domitila usoni.

"Unaitwa nani?"

"Domitila," alisema. "Domitila Chafloque."

Nery alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimsogeza mbwa kwa mkono, akausawazisha mto, akainama karibu yake kabisa, kama unavyomwinamia mtoto aliyelala na hutaki kumshtua.

"Anaitwa Domitila, mwanangu," akasema. "Ameshafika."